Waliokuwa Njiani

Sauti niliisikia kwanza: ko, kimya, halafu ko. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, wakati ukungu wa kwetu Iringa unashuka mpaka vizingitini na ng'ombe wanasikika kabla hawajaonekana. Haikuwa sauti ya mchi, maana mchi una mwendo wake. Haikuwa shoka juu ya gogo. Ni jiwe lililokuwa likipiga jiwe, likisita kama linalofikiri, kisha likipiga tena. Nikazunguka ua wa jirani, nikamkuta Mkunga ameketi chini, miguu kainyoosha mbele, kitambaa chenye damu kakizungusha kwenye kidole gumba. Mapajani pake palijaa vipande vya mawe.

"Kamwene, Bibi. Unafanya nini?"

"Kamwene. Najifunza kazi," alisema bila kuinua uso. "Ongea taratibu, Kamba. Wananicheka."

Nikatazama huku na huku. Tulikuwa wawili tu, na ukungu.

Huo ndio mwaka ambao wanawake wa kijiji waliacha kumwita. Mtu aliyepokea watoto karibu wote wa vilima vile alikaa uani akigonga mawe, mikono yake haina pa kwenda, na mlango uliofungwa mbele yake kuliko yote ulikuwa wa mama yangu.

Jina lake sikulijua, na sidhani kama kuna wengi waliolijua. Yeye naye hakujisumbua na majina yetu. Alituita kwa jinsi tulivyokuja duniani. Mimi nilikuja na kitovu kimenizunguka shingo, basi nikawa Kamba. Fundi cherehani alizaliwa amefunikwa na mfuko wake, akawa Gunia. Jumbe wetu, mtu mzito mwenye koti la khaki, alitanguliza miguu. Akabaki kuwa Miguu hata siku ya baraza.

"Mkunga, nina wageni hapa," Jumbe alimwambia siku moja. "Niite kwa adabu."

"Adabu? Siku uliponipiga teke la uso ulikuwa na adabu?"

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, na Jumbe akacheka nao, kwa sababu hakuna mtu mwenye cheo mbele ya aliyemwona akiwa hajapanguswa.

Mikono yake ilikuwa midogo kuliko umbo lake, kama aliyoazima kwa msichana. Aliipaka mafuta ya nyonyo kila jioni, na kucha hakuzikata, alizisugua kwenye jiwe mpaka zikaisha makali. Wembe hakuupenda. Kitovu alikikata kwa kipande cha tete alichokichonga mwenyewe. "Wembe una haraka," alisema. "Mtoto kaja mwendo wote huo, halafu umkate kwa haraka?"

Alikuwa mtu wa kugongana na nafsi yake. Damu haikumtisha, lakini kuku akichinjwa alikwenda kujificha nyuma ya ghala. Watoto aliowapokea kwa mikono ya hariri aliwafukuza uani kwake kwa matusi ambayo sitayaandika. Jumapili alikaa mstari wa mbele kanisani, mchana alikaa mstari wa mbele kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mara moja, baada ya ibada, alimsimamisha Padre mlangoni.

"Baba, yule mama Hawa, alipozaa mara ya kwanza, nani alimshika kiuno?"

Padre akasema Maandiko hayakutaja.

"Basi aliyeandika alikuwa mwanamume," akasema Mkunga, akajifunga mgolole wake vizuri, akaondoka.

Tulizoea kulicheka swali lile. Sasa nadhani hakuuliza kwa utani. Aliona uchungu wa mwanamke aliye peke yake, wa kwanza kabisa, asiye na mtu nyuma yake wa kumwambia kwamba jambo hili hupita.

Lipo jambo lingine ambalo mkunga wa kwetu alilifanya, na halikuzungumzwa. Mtoto aliyezaliwa bila kulia hakuwa na matanga. Hakupewa jina. Mkunga alimfunga katika kitambaa, akaondoka naye peke yake kwenda penye ardhi yenye unyevunyevu, na mama wa mtoto hakuambiwa ni wapi. Ilisemwa kwamba akipajua atapaendea, na akipaendea tumbo lake litafunga. Baba wa nyumba alipotambika, aliwataja wafu wa ukoo, wakubwa kwa wadogo. Huyo hakutajwa. Hakuwa mtu, alikuwa safari iliyokatika.

Mama yangu alikuwa naye mmoja, kati ya kaka yangu na mimi. Nililijua kwa sababu kulikuwa na pengo kati yetu sisi wawili, na nilipouliza sababu yake, mama aliinuka akaenda kukoleza moto uliokuwa ukiwaka vizuri kabisa.

Sasa nifike kwenye neno, maana yote yaliharibika kwa neno.

Katika Kihehe, wafu wa ukoo, wale wanaotambikiwa, huitwa masoka. Na sisi tuliojifunza Kiswahili ukubwani au shuleni, ulimi wetu hauna raha na "sha". Sheria kwetu ni seria, shamba ni samba. Kiangazi kile watafiti walipiga mahema Isimila, kwenye korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Wakaajiri vijana wa vijiji kuchimba. Mwana wa Mkunga, aliyebaki hai peke yake katika watoto wake, alikuwa mmoja wao. Alirudi jioni ya kwanza nguo zimejaa vumbi, nami nilikuwa uani kwao nikisaidia kupukuchua mahindi.

"Wanatafuta watu wa zamani," akamwambia mama yake. "Wanafukua mifupa."

Mkunga akaacha kupukuchua, gunzi mkononi. "Mifupa ya nini?"

"Ya kiboko, wanasema. Na ya tembo."

"Na midogo?"

"Midogo gani, mama?"

Mkunga akarudi kwenye mahindi yake. Kesho yake kabla jua halijapasha aliniita twende wote, kwa kuwa nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kidogo. Alitembea kama anayeitwa kwenye uchungu uliochelewa.

Mkalimani wa wale watafiti alikuwa kijana Mwislamu wa mjini Iringa, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani. Alikuwa na kofia nyeupe safi ajabu kwa mtu anayeshinda vumbini, na heshima za kwao zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmepata watoto?"

Kijana akanitazama mimi, kisha yeye. "Watoto? Hapana, bibi. Mtu hatujampata hapa, si mkubwa si mdogo. Mifupa ya wanyama tu, na mashoka. Mashoka mengi mno."

Nilimwona Mkunga akishika kifua.

"Mmeyaona kwa macho?"

"Si hayo hapo? Tunayaosha, tunayaanika. Baadaye yatapanda lori."

"Mnayaosha," alisema polepole. "Masoka mnayaosha na kuyaanika juani."

"Bibi," nikamvuta mgolole, "ma-sho-ka. Ya kukatia."

Mkalimani alielewa kabla yangu, akacheka, lakini si kwa dharau. Akaenda akachukua moja, akaliweka mkononi mwa Mkunga. Lilikuwa jiwe lenye umbo la tone la maji, limechongwa pande zote mbili, kubwa kama kiganja na vidole vyake. Ule mkono mdogo ukalifumba. Nilifikiri atalirudisha. Akaligeuza tu, na kidole gumba chake kikateleza chenyewe mpaka mahali palipochimbika kidogo, kikatulia hapo.

"Aliyelitengeneza yuko wapi?"

"Hayuko, bibi. Ni zamani ambayo hata kuitaja siwezi. Na hawakuwa kama sisi. Wataalamu wanasema paji la uso lilijitokeza hivi, kidevu hakuna."

"Wasio na kidevu nimepokea wengi. Mmoja amekuwa Jumbe."

Kijana akacheka tena, akajaribu upya, kwa uvumilivu. Akasema si kwamba walikuwa nyani, ila hawakuwa bado watu kama mimi na wewe. Walizaa, wakafa, na kila kizazi kilikuja kimebadilika kidogo, kidogo mno hata mama asione tofauti kati yake na mwanawe, mpaka zamani zikapita juu ya zamani na wa mwisho hakufanana tena na wa kwanza. "Walikuwa njiani," akasema. "Tuseme hivyo."

"Njiani," Mkunga akarudia. "Walifika?"

"Sisi ndio tuliofika, bibi."

"Sikuulizi sisi. Nakuuliza wao."

Kijana akavua kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa.

Wakati wa kurudi aliniambia nisubiri. Akashuka peke yake upande wa chini wa korongo, mbali na mahema, akakawia. Aliporudi, alikuwa na jiwe la namna ileile ndani ya mgolole. Alisema maji ya mvua yalikuwa yamelileta pale alipokwenda.

Kabla ya siku kwisha kijiji kizima kilikuwa na habari. Nilizikuta kisimani.

"Wanachimba masoka!"

"Wanayapakia lori!"

"Yanapelekwa wapi?"

"Ulaya."

"Kwani huko hawana wafu?"

"Wanao. Labda hawasikii."

Nikafika nyumbani nikamweleza mama: ni mawe, mama, ni mashoka ya mawe, nimeyashika mwenyewe.

"Ndivyo nilivyosema," akajibu. "Masoka."

Ungefanya nini hapo? Kila nilipolisahihisha neno, lilitoka vinywani mwao vilevile. Na Mkunga, ambaye angeweza kuwacheka na mambo yakaisha, alifanya kinyume. Aliliweka jiwe kwenye kona ya nyumba yake, akalinyunyizia unga kidogo, na jirani mmoja alipomwona akapiga kelele, alimjibu kwa sauti ya kusikika njiani: "Nyie mnasema masoka kwa kukosea. Mimi nasema kwa kusudi."

Siku chache baadaye mwanamke mmoja, ambaye mkwe wake alikuwa amekaribia kujifungua, alikuja kuzungumza naye kwa heshima zote, na mtungi wa ulanzi kabeba.

"Bibi, mimi mwenyewe umenizalisha. Litupe hilo jiwe, tukuite."

"Silitupi."

"Hatumjui mwenye nalo. Hana ukoo. Atamwingia mtoto."

"Kila mtoto anapita kwa hao wa mawe kwanza," Mkunga akasema. "Hujawahi kumtazama mtoto kabla hajaoshwa? Manyoya mabegani, pua imelala, miguu inashika kama mikono. Nyinyi mnaletewa ameshaoshwa. Mimi namwona akitoka kwao."

Yule mwanamke aliondoka, mtungi akauacha. Mkwe wake alibebwa kwenye machela mpaka hospitali ya misheni, na baada yake wengine. Ikasemekana Mkunga anachonga mawe ili akatie vitovu vya watoto wetu, awarudishe huko. Kuhusu kuchonga walisema kweli. Aligonga asubuhi nyingi, akaharibu mawe na vidole, na hakufanikiwa kupata hata moja lenye umbo lile. "Walikuwa na mikono, hawa," aliniambia, na sikujua kama alikuwa anasifu au analia. Kwenye ukungu nilimsikia akiamkia mahali pasipo na mtu.

Mama yangu, ambaye wanawe, kaka yangu na mimi, tulipita mikononi mwa Mkunga, aliacha hata kuitikia salamu yake. Nilimuuliza Mkunga kwa nini hamalizi ugomvi, jiwe ni jiwe tu, mifugo inakanyaga mengine kila siku.

"Nikisema hawa hawakuwa watu kwa kuwa hawakufika," akasema, "basi na wale nimewatupa."

"Wale gani?"

Akatazama ukuta wa nyumba yetu, akanusa tumbaku yake, akaniambia niende nikachote maji.

Mwanawe akapata kazi kwa watengenezaji wa barabara huko Mbeya. Mkunga akapanda naye lori, na kikapu kimoja. Hakuna aliyemsindikiza. Wachimbaji nao walikuwa wameshakunja mahema.

Mimi niliolewa na mwalimu, tukahamia Mbeya, tukapanga chumba mjini chini ya mlima Loleza kwa mjane mmoja wa Kiislamu ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka la nguo. Uzazi wangu wa kwanza ulipokaribia, mama alisafiri kutoka Iringa kuja kunishika. Uchungu ulianza mvua ikianza. Mvua ikapungua, ikarudi tena, na mtoto hakuonyesha nia ya kuja. Mume wangu alikuwa ametoka kutafuta gari la kutupeleka hospitali, barabara zote tope. Ndipo mama mwenye nyumba akaingia.

"Kuna mkunga nyuma ya soko, mtu wa huko huko kwenu Iringa. Ana mikono, subhanallah. Nimtume mtu?"

Mama akasimama. "Si huyo."

"Ndiye," nikasema. "Mwiteni."

"Nimesema si huyo!"

"Bibi wee," mama mwenye nyumba akamgeukia, mkono kiunoni, "mwanao anakwisha hapa, wewe unachagua mikono?"

Alikuja akiwa amelowa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kikapu mkononi. Mama alisimama katikati ya mlango. Walitazamana muda ambao kwangu, pale kitandani, ulikuwa mrefu kupita mimba yenyewe.

"Kamwene, mama Kamba."

"Jiwe lako na kikapu vibaki nje," mama akasema.

Mkunga akakitazama kikapu, akatazama mvua. "Sawa. Wao mvua wameizoea."

Akakiweka chini ya upenu, akaingia. Akaomba mafuta, akayapasha moto kwenye viganja, akaweka mikono yake juu ya tumbo langu, na sijui niandike nini juu ya mikono ile isipokuwa kwamba ilisikiliza. Mtoto alikuwa amelala kingamo. Alimsogeza taratibu, akimsemesha maneno ya kumtania, kama unavyomtania mtu aliyepotea akabisha mlango usio wake. Niliuma shuka. Mama alinishika mabega. Mvua ilipokuwa ikipungua tena, mtoto akalia. Wa kike. Mkunga alimwinua kwenye mwanga wa dirisha kabla hajamwosha, akamgeuza ili mama aone yale manyoya laini mabegani, na mama hakugeuza uso.

Baadaye nikawa nimelala na mtoto kifuani. Mkunga alikuwa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, ananusa harufu yake bila kunywa. Mama alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Yule wangu," mama akasema. "Ulimweka wapi?"

Mama mwenye nyumba akachukua beseni la maji, akatoka nalo uani.

"Hukuwahi kuniuliza," Mkunga akasema.

"Nakuuliza leo. Tumbo langu limeshafunga lenyewe. Hakuna cha kulinda tena."

Mkunga akaweka kikombe sakafuni. Akamweleza, kwa Kihehe, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia: korongoni, upande wa chini, penye nguzo iliyoanguka ikaegemea mwenzake, ardhi ya pale haikauki. Wale wachimbaji walifukua upande wa juu. Kiangazi chote, asubuhi akishaacha kugonga mawe, alikuwa anakwenda kutazama wasije wakashuka mpaka pale. Hawakushuka.

"Alikuwa nani?"

"Wa kiume. Mwenye nywele nyingi. Nilimpa jina."

"Huyo hapewi jina," mama akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba apingwe.

"Nilimpa. Wote niliwapa."

Akainuka kwa kushika goti, akamwendea mama, akamwinamia sikioni. Kilikuwa kitu kifupi. Nilimwona mama akifumba macho, na uso wake ukawa wa msichana ambaye sijawahi kukutana naye, kabla yangu, kabla ya pengo lile. Mkunga akajifunika mgolole wake uliolowa. Akapita karibu na kitanda, akamgusa mwanangu kisigino kwa kidole kimoja, akatoka bila kuaga. Na mama, midomo yake ikilijaribu jina ambalo sijalisikia mpaka leo, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayefunga chumba alimolala mtoto.